Kisigino Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuunda Kielelezo cha Mkao wa Dereva

Kwenye karakana zinazojenga bodi za mabasi juu ya chasisi za malori, kiti cha dereva mara nyingi hufungwa mwishoni. Bodi imeshasimama, dashibodi ipo, ukuta wa nyuma ya dereva umeshachomelewa, na kiti kinaingizwa kwenye nafasi iliyobaki. Fundi mmoja anakaa, anasema "kinafaa," bolti zinakazwa. Baadaye dereva mwenye kimo tofauti kabisa na cha fundi yule atakaa hapo kutwa nzima, kwa miaka.

Kielelezo cha mkao ni hesabu inayotabiri dereva wa kimo fulani atakaa wapi na vipi, kabla kiti hakijafungwa. Nimeandika mwongozo huu wa kukiunda kwa wanaotaka kuacha kubahatisha: wajenzi wa bodi, wanafunzi wa uhandisi, na vikundi vinavyochora gari kuanzia karatasi tupu, kama walivyofanya wanafunzi na walimu wa Makerere walioitoa Kiira EV barabarani mwaka 2011. Huhitaji programu za bei kubwa. RAMSIS ya Ujerumani na Jack iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ni zana nzuri sana, lakini moyo wa kazi yake ni vipimo vya watu na hesabu ambazo unaweza kuzifanya kwa Excel, utepe wa kupimia, timazi na simu yenye kamera.

Kabla ya hatua ya kwanza, elewa jambo moja ambalo kazi yote inaliegemea: watu hawakai jinsi mchoro unavyotaka, wanakaa wanavyojisikia wao. Mwaka 1969 mtafiti Mfaransa Rebiffé alikokotoa pembe za mwili zinazofaa kwa dereva, na kwa kiwiko akapendekeza nyuzi 80 hadi 120. Mwaka 1998 Porter na Gyi wa Loughborough, Uingereza, wakaacha watu wajirekebishie kiti na usukani wenyewe, kisha wakawapima. Viwiko vikatoka nyuzi 86 hadi 164. Watu walinyoosha mikono kuliko hesabu ilivyodhani. Kwa hiyo kielelezo kizuri hakianzi na mkao unaoupenda wewe mchoraji. Kinaanza na mkao ambao watu wameuchagua wakiwa huru kuchagua.

Hatua ya 1: Tafuta mahali pa kuanzia vipimo vyote

Usipime kuanzia ukuta wa nyuma wala kuanzia bampa. Anzia kwenye kisigino. Kanyaga pedali ya mafuta kwa kiatu cha kawaida, kisigino kikiwa sakafuni. Weka alama pale kisigino kinapogusa. Hiyo ndiyo sufuri yako ya kwenda juu. Kisha panda na wayo milimita 203 kutoka kisigino, hadi pale mzizi wa kidole gumba unapokanyaga pedali. Hiyo ndiyo sufuri yako ya kwenda nyuma. Wachoraji wa magari duniani wanatumia nukta hizo mbili, na ukizishika utaweza kulinganisha kazi yako na yao.

Kutoka hapo unahitaji vipimo vinne vya gari:

- Urefu wa nyonga: nyonga ya mtu aliyekaa iko milimita ngapi juu ya kisigino. Tuuite H.
- Umbali wa usukani: kutoka mzizi wa kidole gumba kwenda nyuma hadi katikati ya usukani. Tuuite U.
- Mwinuko wa mto wa kiti kwa nyuzi. Tuuite K.
- Kama gari lina klachi au halina.

Nyonga hapa ni ile nukta ambapo paja linajikunja dhidi ya kiwiliwili. Viwandani huitafuta kwa kutumia mwanasesere wa chuma na plastiki ngumu, mwenye uzito wa takriban kilo 76, aliyewekewa kanuni na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, tangu miaka ya 1960. Kama huna, muombe mtu wa uzito wa karibu na huo akae dakika 10, sponji izame na itulie, kisha umpime yeye. Kiti kisichokaliwa kinadanganya: sponji mpya na sponji iliyochoka zinaweza kukupa H mbili tofauti kwenye gari lile lile.

Hatua ya 2: Jenga kiunzi cha majaribio

Ndani ya gari halisi mlango unaficha nyonga na goti, na hivyo ndivyo unavyotaka kuviona. Jenga kiunzi kwa mabomba ya mraba na plaiwudi: sakafu, pedali tatu, usukani unaosogea mbele na nyuma, na kiti juu ya reli ndefu kupita kiasi. Hapo kwenye reli usibane matumizi. Reli ikiwa ya sentimita 20 tu, warefu watagota mwisho, nawe utaandika kwamba "wamechagua" pale walipogotea. Fanya sentimita 40. Pedali nazo ziwe na springi zenye ukinzani wa kweli, maana mguu unaokanyaga klachi laini hukaa tofauti na unaokanyaga klachi ngumu ya lori.

Weka ubao wima wenye alama za sentimita sambamba na mwili wa dereva, na timazi inayoning'inia ili ujue wima halisi kwenye picha.

Hatua ya 3: Chagua watu kwa kimo, si kwa urahisi

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuwapima wenzako wa karakana. Hao wote ni vijana wa kiume. Mwaka 2002 Matthew Reed na wenzake wa taasisi ya utafiti wa usafiri ya Chuo Kikuu cha Michigan, UMTRI, walichapisha moja ya vielelezo vinavyotumika zaidi, na walitumia watu 68 tu, wanawake kwa wanaume. Siri yao si wingi. Ukiwa na watu 30 waliotawanyika vizuri kwa kimo, utajifunza zaidi kuliko kwa watu 200 wa kimo kimoja.

Gawa vimo katika mafungu, kuanzia chini ya sentimita 155 hadi zaidi ya 180, na ujaze kila fungu sawasawa. Tafuta akina mama wafupi na wanaume warefu kwa makusudi, maana wao ndio watakaokuambia reli iishie wapi. Chukua wazee. Chukua wenye matumbo. Mwambao, waalike wanawake wanaoendesha wakiwa na baibui, wapimwe na mwanamke mwenzao, na alama ibandikwe juu ya vazi baada ya kuupapasa mfupa. Anayeendesha na baibui apimwe na baibui. Na aliyezoea kuendesha na kandambili avae kandambili zake.

Data huria zipo pia, na zinafaa kwa mazoezi. Kipimo cha jeshi la Marekani cha mwaka 2012, ANSUR II, kina wanaume 4,082 na wanawake 1,986. Ila usizifanye kuwa data za wateja wako. Kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kuliko Wazungu au watu wa Asia ya mashariki wa kimo kile kile. Kwenye gari hilo si jambo dogo. Dereva wa Dodoma na dereva wa Osaka wakiwa na kimo sawa, huyu wa Dodoma huenda jicho lake likawa chini zaidi na goti lake karibu zaidi na usukani. Ndiyo maana pamoja na kimo, pima kila mtu urefu akiwa amekaa wima kwenye stuli ngumu, toka stuli hadi utosini, na toka stuli hadi kona ya jicho. Vipimo hivyo viwili vitakuokoa kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 4: Waketishe, na ukae kimya

Bandika stika ndogo kwenye kona ya nje ya jicho, ncha ya bega, kiwiko, kifundo cha mkono, mfupa unaojitokeza ubavuni mwa nyonga (mwambie azungushe mguu, utausikia ukicheza chini ya kidole), upande wa goti na kifundo cha mguu.

Mwambie hivi, na usiongeze: "Dada, jirekebishie kiti na usukani kama unavyokaa ukiwa na safari ndefu. Usikae kwa ajili ya picha." Mtu akijua anapimwa hujinyoosha kama yuko gwaride. Mpe dakika 10 hadi 15 za "kuendesha", hata kama ni kufuata video ya barabara, kisha mruhusu arekebishe tena. Mkao wa dakika ya kwanza uandike pembeni. Unaouhitaji ni wa mwisho.

Jambo moja dogo linaharibu majaribio mengi. Mtu anaposogeza kiti kutoka nyuma kwenda mbele, husimama mara tu pedali zinapofikika. Akianzia mbele kurudi nyuma, husimama mara goti linapopata nafasi. Majibu hayo hayafanani. Kwa hiyo kila mtu afanye mara mbili au zaidi, nusu akianzia mbele kabisa na nusu akianzia nyuma kabisa, nawe chukua wastani.

Picha ipigwe kutoka ubavuni, kamera ikiwa kwenye usawa wa nyonga na umbali wa mita 5 au zaidi, ukitumia zumu. Ukipiga karibu, picha itapotosha vipimo.

Hatua ya 5: Tabiri nyonga itakaa wapi

Kwa magari madogo, yenye H chini ya milimita 405, watafiti wa UMTRI walichapisha mwaka 1998 hesabu hii, ambayo baadaye iliingia kwenye kanuni za SAE:

X = 16.8 + 0.433 × kimo − 0.24 × H − 2.19 × K + 0.41 × U − 18.2

X ni umbali wa nyonga nyuma ya mzizi wa kidole gumba, vyote kwa milimita isipokuwa K iliyo kwa nyuzi. Ile − 18.2 ya mwisho inaingia kwenye hesabu kama gari lina klachi tu; kama halina, iache.

Tuchukue gari lenye H ya 300, U ya 560, K ya nyuzi 14, na klachi. Mtu wa milimita 1,550 atakaa kwenye 797. Wa 1,650 atakaa kwenye 840. Wa 1,800, kwenye 905. Soma hesabu yenyewe utaona tabia za watu ndani yake: kimo kikiongezeka sentimita 10, kiti kinarudi sentimita 4.3 tu, kwa sababu sehemu nyingine ya urefu inamalizwa kwa kukunja au kunyoosha viungo. Ukirudisha usukani nyuma sentimita 10, mtu anaufuata kwa sentimita 4.1. Mwili unagawana tofauti kati ya mguu na mkono, haumpi mmoja yote.

Kwa basi au lori, ambako H ni kubwa na usukani umelala, usiazime namba hizo. Azima umbo lake: weka data za kiunzi chako kwenye Excel, tumia LINEST, fomula ya Excel inayotafuta namba zinazolingana vizuri zaidi na data, upate namba zako mwenyewe.

Hatua ya 6: Urefu wa reli

Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami nimeona reli zikikatwa fupi kwa kosa hili hili. Ukiwapanga watu wa kimo kimoja kwenye kiti kimoja, hawatakaa mahali pamoja. Mmoja hupenda kukumbatia usukani, mwingine hujilaza. Tofauti hiyo ya ladha ina mtawanyiko (standard deviation, kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana na wastani) wa takriban milimita 30 hadi 40, na kimo hakiwezi kuieleza.

Tuseme, kwa mfano tu, watumiaji wako wana kimo cha wastani cha milimita 1,650 na mtawanyiko wa 85. Zidisha 85 kwa 0.433: unapata 36.8, mtawanyiko wa kiti unaoletwa na kimo. Ladha tuipe 36. Usizijumlishe moja kwa moja. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kisha toa kipeuo cha pili: unapata 51.5. Ili kuwatosheleza 95 kati ya 100, nenda mara 1.96 mbele na mara 1.96 nyuma ya wastani. Hiyo ni milimita 101 kila upande, yaani reli ya milimita 202, kutoka 739 hadi 941.

Mchoraji aliyesahau ladha atatumia 36.8 peke yake na kufunga reli ya milimita 144. Kwenye karatasi amewatosheleza 95. Kwenye gari amewatosheleza 84, na karibu mtu mmoja kati ya sita anaendesha kiti kikiwa kimegota.

Hatua ya 7: Jicho na mgongo

Baada ya nyonga, nenda kwenye jicho, si kwenye goti. Kielelezo cha Reed kinafuata mpangilio huo kwa makusudi: nyonga na jicho ndivyo vinavyoamua kama mtu anafikia na anaona, na viungo vya katikati vinajazwa baadaye.

Tumia data zako kutabiri jicho liko juu ya nyonga kiasi gani na nyuma yake kiasi gani, ukitumia kile kipimo cha jicho kwenye stuli pamoja na mlalo wa egemeo. Usilaze kiwiliwili chote kwa pembe ya egemeo. Egemeo likilala nyuzi 22 au 25, mstari wa kutoka nyonga hadi jicho husimama zaidi ya hapo, kwa sababu shingo inaurudisha uso mbele ili macho yaone barabara. Na kiuno hakikai na ile mbinuko ya mtu aliyesimama. Utafiti wa UMTRI wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba hata ukiweka mto wa kuunga kiuno, watu wengi huzungusha nyonga nyuma na kuunyoosha mgongo wa chini. Kielelezo chenye mgongo wa mchoro wa daktari kitaliweka jicho juu kuliko lilipo.

Ukishapata macho ya watu wote, chora duaradufu inayoyazunguka. SAE wana yao, kanuni namba J941, na inasomwa vibaya kila siku. Duaradufu ya 95 haimaanishi kwamba macho 95 kati ya 100 yamo ndani yake. Maana yake ni kwamba ukichora mstari wowote wa kuigusa pembeni, macho 95 yako upande mmoja wa mstari huo. Kwa hiyo itumie kwa mistari: mstari wa kugusa chini unakuambia dashibodi iishie wapi ili mfupi amwone mtoto anayevuka mbele ya basi, wa kugusa juu unakuambia ukingo wa kioo usimzuie mrefu kuona taa za barabarani.

Hatua ya 8: Jaza miguu na mikono

Sasa goti. Kama hujampima mtu paja na muundi, tumia viwango vya Drillis na Contini vya mwaka 1966: paja ni 0.245 ya kimo, na muundi 0.246. Mtu wetu wa 1,650 ana paja la 404 na muundi wa 406.

Nyonga yake iko 840 nyuma ya mzizi wa kidole gumba. Wayo ukilala kwenye pedali kwa nyuzi 59, kisigino kiko 105 nyuma ya mzizi huo, kwa hiyo nyonga iko 735 nyuma ya kisigino. Kifundo cha mguu, pamoja na kiatu, kiko takriban 50 nyuma ya kisigino na 90 juu ya sakafu. Basi kutoka kifundo hadi nyonga ni 685 kwa mlalo na 210 kwa wima, na mstari wa moja kwa moja ni 716. Pembetatu yenye pande 404, 406 na 716 inatoa goti la nyuzi 124. Porter na Gyi walipima magoti ya nyuzi 99 hadi 138, kwa hiyo mtu wetu amekaa kama binadamu. Rudia kwa mfupi na mrefu. Kisha rudia kwa mguu wa kushoto klachi ikiwa imekanyagwa hadi chini. Hapo wafupi ndipo wanapoteleza kwenye mto.

Mikono ifuate njia ile ile, toka bega hadi usukani, halafu hadi gia. Usiache kupima kifua pia: idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inashauri angalau sentimita 25 kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani wenye mfuko wa hewa. Wafupi wa kwenye kielelezo chako wakiwa chini ya hapo, sogeza pedali au uruhusu usukani uingie ndani. Usimwambie mama wa watu arudi nyuma mahali ambapo hafikii breki.

Hatua ya 9: Kijaribu kwa wageni

Tangu mwanzo weka watu kumi pembeni, ambao data zao hazikuingia kwenye hesabu. Tabiri nyonga na jicho la kila mmoja, andika, funga karatasi, ndipo uwapime. Kukosea sentimita 3 au 4 kwa mtu mmoja ni kawaida; ladha haitabiriki. Unachotafuta ni makosa yanayoelekea upande mmoja.

Ukikuta wafupi wote wamekaa mbele kuliko ulivyotabiri, usikimbilie kubadilisha namba. Pitisha kiganja kati ya ukingo wa mto na sehemu ya nyuma ya goti. Kama hakipiti, mto ni mrefu: unawashika nyuma ya goti, hawawezi kuuegemeza mgongo, wanakaa ukingoni, nawe umepima kosa la kiti ukidhani ni tabia ya watu. Punguza mto sentimita 3, warudishe akina mama wale wale, pima tena.